Kitu cha Walio Hai

“Nimesema iondoke! Iondoke mbele ya mlango wangu sasa hivi, kabla sijaitia kiberiti!”

“Thubutu! Washa uone.”

“Shangazi, mimi nakuheshimu, lakini usinipande kichwani. Hiyo ni meza ya maiti.”

“Maiti gani huyo anayekula mezani? Hebu mlete tumpakulie.”

Mteja wangu alicheka, kichwa kikamcheza, na mstari niliokuwa nauchana ukaenda kombo. Kazi yangu ni kusuka nywele. Kiti changu kiko barazani, katikati ya mlango wa Mama Mapacha na mlango wa Shangazi, kwa hiyo ugomvi ukitokea uani kwetu sina haja ya kuufuata. Unanipitia wenyewe, unanisalimia, unaendelea.

Mama Mapacha tulikuwa tunamjua kwa mdomo. Mume wake ni dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko, keshokutwa hayuko, na nadhani ule mdomo ndio mlinzi wa nyumba na wa wale mabinti wawili. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale uani. Ni mwanamke wa chumba cha mwisho, ambaye mtoto yeyote akikuta kwao hakujapikwa, miguu inampeleka kwake. Hao wawili wakikutana, sisi wengine tunapunguza redio ili lisitupite neno.

Kilichokuwa kinagombaniwa ni meza ya kulia chakula. Miguu minne minene, uso mpana uliopigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja unaona raha. Aliyeitengeneza alikuwa amesimama palepale, kipande cha msasa mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi, anaangalia chini kana kwamba wanaosemwa ni watu wa mtaa wa pili.

“Niihamishie wapi, Mama Mapacha?” aliuliza taratibu. “Chumbani kwangu nikiiingiza, mimi nitatoka.”

“Ihamishie kulekule kwenye majeneza yako. Wanangu wakiigusa hiyo meza, mimi na wewe!”

“Ni mbao tu.”

“Na jeneza nalo ni nini, bati?”

Hapo hata Shangazi aliingia ndani kwake akifunga khanga kwa hasira, na fundi akaisukuma meza yake kidogo kidogo mpaka ukutani karibu na bomba, akaifunika kwa gunia kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Sisi tulimwita Kipimo. Tangu nimfahamu alikuwa fundi wa majeneza, yeye na kaka yake mkubwa, kwenye karakana ya marehemu baba yao pale ng’ambo ya barabara. Na alikuwa na kaugonjwa ka kazi: akikutazama, jicho linaanzia utosini, linashuka polepole mpaka kisiginoni, halafu linarudi mabegani kuchukua upana. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Jicho lilishazoea. Lakini nani anataka kutazamwa hivyo asubuhi kabla hata hajanywa chai? Mama Mapacha akimwona anakuja alikuwa anachuchumaa chini. “Nipime sasa,” anasema, “uone kama utapata urefu.” Mimi mwenyewe nina wateja waliokuwa wananiambia niwasuke wakiwa wameketi, hata pale nilipotaka wasimame, mpaka apite.

Tulicheka sana enzi hizo. Na yeye alikuwa anacheka nasi, maana alikuwa na sababu ya kucheka. Alikuwa na mke mchangamfu, na binti mmoja kibogoyo, meno ya mbele yote mawili yameng’oka, ambaye akitoka shule hapiti nyumbani. Anakwenda karakana moja kwa moja, anakaa juu ya chochote kilichopo, anafanya hesabu zake za shule huku baba anapiga randa. Jumamosi alikuwa wangu. Kichwa chake kilikuwa kidogo, nywele nyingi, maneno mengi kuliko nywele.

Aliugua homa. Ilikuwa homa ya kawaida, ile ambayo mama anasema akiamka kesho atakuwa sawa.

Mimi ndiye niliyemsuka mara ya mwisho, na hapo sitasema zaidi.

Ua mzima tulisimama naye. Tulipika, tulilala chini, tulilia mpaka sauti zikakauka, na Mama Mapacha ndiye aliyemshika mama wa mtoto kiunoni njia nzima asianguke. Lakini matanga yakaisha, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na Kipimo naye akarudi kwenye yake. Angefanya nini? Ndiyo kazi anayoijua. Basi ikawa kila nyundo inapogonga kule ng’ambo, mkewe huku uani anaacha alichoshika. Akiwa anafua, nguo inadondoka. Akiwa anachota maji, ndoo inafurika yeye anatazama tu. Tulimwona akikonda mbele ya macho yetu.

Siku aliyoondoka kwenda kwa mama yake, mumewe alimsindikiza mpaka langoni, hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Sikutega sikio. Sikio lilikuwepo tu.

“Sikukimbii wewe,” alimwambia. “Ile nyundo ndiyo siiwezi. Siku utakayotengeneza kitu, mtu aliye hai akakichukua akakitumia nyumbani kwake, nipigie. Nitakuja siku hiyohiyo, hata kwa miguu. Kabla ya hapo usinipigie, baba, nakuomba.”

Kesho yake Kipimo hakwenda karakana.

Kaka yake alikuja na pikapu, akasimama katikati ya ua, funguo zinamcheza kidoleni. Huyu kaka si mtu mbaya. Ana sauti kubwa tu.

“Baba alitulea kwa majeneza,” alisema. “Tulikula jeneza, tulivaa jeneza, shule tulisoma kwa jeneza. Leo wewe ni nani hata uone haya?”

“Sioni haya, kaka.”

“Sasa unaona nini?”

Kipimo akageuza macho langoni.

“Haya. Mwezi huu uuchukue. Tengeneza hivyo vitanda vyako na makabati yako. Mwezi ukiisha hakuna aliyenunua, unarudi kazini bila maneno. Nimekuonea huruma kama mdogo wangu, lakini watu hawaachi kufa kwa sababu wewe umechoka.”

Basi akaanza. Alifanyia kazi palepale uani, chini ya paa la bomba. Alianza na kigoda. Kizuri. Wapita njia walikishika, wakakikalia, wakauliza bei, halafu mtu mmoja anamnong’oneza mwenzake, na wote wawili wanakumbuka kwamba wana haraka. Akatengeneza rafu ya vyombo. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu akaichukua, kisha akairudisha kabla hata jua halijazama. “Samahani, fundi. Vyombo vimekaa vizuri tu. Ila mume wangu anasema rafu inamtazama.”

“Inamtazama na nini, haina macho!” Shangazi alifoka.

“Mwulize yeye, mimi nimetumwa.”

Ukisikia mwenzako ameacha kazi aliyoizoea, unafikiri shida ni ile siku ya kuacha. Mimi nilimtazama Kipimo mwezi ule, nikaona shida ni zile asubuhi zinazofuata, pale anapoamka, anapiga mswaki, anatoa msumeno, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwomba chochote. Kule karakana watu walikuwa wanamfuata wakilia, wanamshika mikono, wanamwita baba. Huku aliitwa na mbu.

Meza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mbao aliyoitumia ni ile nzuri, ngumu, aliyokuwa ameitunza miaka yote chini ya kitanda chake, na alibakiza vipande vya kutosha viti. “Meza kubwa hivyo ya nini?” nilimwuliza. “Ya nyumba iliyojaa watu,” akanijibu, na nikainamia nywele za mteja kwa sababu sikujua niweke wapi uso wangu.

Mwezi ulikuwa unakatika siku ile Mama Mapacha alipotaka kuitia kiberiti.

Jioni ya siku hiyohiyo, jua limelegea, akaingia mwanamume mgeni langoni. Shati jeupe, vifungo vimekosewa, upande mmoja umeshuka chini kuliko mwingine. Alisimama kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

“Samahani,” akasema. “Kule ng’ambo pamefungwa. Wameniambia fundi anaishi humu.”

Ni kweli, kaka mtu alikuwa amesafiri tangu asubuhi kufuata mbao. Mimi nikafungua mdomo nimwambie fundi ameacha kazi hiyo, aende mtaa wa sokoni. Lakini nikaona alichoshika. Alikuwa ameshika kamba. Kamba nyembamba ya katani, ameizungusha kwenye vidole vyake, na upande mmoja ina fundo.

Kwa asiyejua: hawa mafundi hawaendi nyumbani kwa mfiwa na futi. Inaonekana ukatili. Mtu wa familia ndiye anayepima kwa kamba, utosini mpaka kisiginoni, anafunga fundo, anampelekea fundi. Na kazi ikiisha, kamba inawekwa ndani, inakwenda na mwenyewe.

Ile kamba ilikuwa fupi.

Kipimo aliitazama, rangi ikamtoka. Mabinti wa Mama Mapacha, waliokuwa wanaruka kamba yao wenyewe pale pembeni, waliiacha ikalala chini.

“Ndugu yangu,” Kipimo akasema, kisha akaanza upya. “Ndugu yangu, mimi siku hizi…”

“Sijui kama nimefunga vizuri,” yule baba akamkatiza. “Fundo. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilirudia mara nyingi.”

Basi. Kipimo akanyoosha mkono akaipokea.

Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo nadhani Mama Mapacha naye aliliona, maana alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Fundi aliikunjua kamba, akageuka kuinyoosha juu ya meza yake, kwa sababu meza ndiyo ilikuwa karibu na ndiyo iliyonyooka. Akaliondoa gunia. Mkono ukafika nusu, ukasimama. Akaurudisha. Akalitandika lile gunia sakafuni kwenye baraza, akapiga magoti, akainyoosha kamba pale chini, polepole, kwa vidole viwili.

Meza hakuigusa.

Mama Mapacha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akaokota kigoda pale ukutani, kilekile kilichokosa mnunuzi, akamwekea mgeni. “Kaa, kaka,” akamwambia. “Kunywa kidogo.” Sikuwahi kumsikia akiongea chini namna ile.

Kipimo alichukua mbao za viti. Hakuwa na nyingine. Alikata, akapiga randa, akapima kwa ile kamba, akapima tena. Kila ubao alikuwa anaurudia, anapitisha kidole kwenye pembe, anaupunguza unywele mmoja, anaurudisha. Nimemwona akifanya kazi ile miaka mingi, anapiga majeneza mawili huku anabishana mpira na watu wa barabarani. Sijawahi kumwona hivi.

Mama Mapacha alivumilia, halafu akamsogelea, akachuchumaa. Safari hii hakuchuchumaa kukwepa kupimwa.

“Fundi,” akanong’ona. “Mtu wa watu amechoka. Kule karakana si kuna vidogo vilivyo tayari? Naviona dirishani, vimepangwa. Ufunguo huna?”

“Ufunguo ninao.”

“Sasa?”

Aliendelea kupitisha msasa.

“Vile tunavipiga kwa vipande vinavyobaki,” akasema. “Siku ambazo hakuna kazi. Unakisia tu. Vinakaa vinasubiri. Nilikuwa napiga huku naimba, Mama Mapacha. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa juu yake, anafanya hesabu zake.” Akapuliza vumbi. “Siku ile ya msiba shemeji zangu wakaenda wakachukua kimoja. Hakuna aliyekumbuka kamba. Nyumba ya fundi, nani akumbuke kamba? Kilikuwa kirefu. Tulipokuwa tunambeba, pale langoni, kwenye ile kona, mimi nilikuwa mbele. Nikamsikia akiteleza ndani.”

Mama Mapacha akakaa chini kabisa, vumbini.

“Mke wangu naye alisikia,” akasema. “Hatujawahi kulizungumza.”

Nilikuwa nimeshika kitana na sikuwa nasuka mtu. Mteja wangu alikuwa analia, na wala si mtu wa pale uani. Mama Mapacha, mwanamke wa mdomo, mwanamke wa kiberiti, aliweka mkono juu ya bega la yule fundi, mkono mzima, akakaa hivyo mpaka ubao wa mwisho ulipoingia mahali pake.

Kilipokwisha, Kipimo aliikunja kamba, akaiweka ndani. Yule baba akauliza alipe kiasi gani. Kipimo akatikisa kichwa, akamfunga vifungo vya shati upya, kimoja kimoja, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule.

“Kitamtosha,” akamwambia. “Nenda na amani. Kitamtosha kabisa.”

Mdogo wa yule mgeni alikuwa anasubiri na gari nje. Tulisimama wote mpaka likaondoka.

Sasa, huu mtaa wetu una miguu. Habari haikai. Hata vumbi la mbao halijatua, simu ya Kipimo ikalia mfukoni. Akaiangalia, akaona ni mkewe, akageukia ukuta.

“Ndiyo,” akasema. “Ndiyo, ni kweli. Nimegonga nyundo. Jeneza la mtoto.” Akasikiliza. “Hapana, hawajachukua kitu. Hakuna aliyechukua.” Akasikiliza tena, paji la uso ukutani. “Nimekuelewa, mama.” Akaishusha simu, akaitazama muda mrefu baada ya kioo kuzima. Sisi kila mtu alikuwa na shughuli: huyu anafagia palipofagiliwa, yule anahesabu vibanio vya nguo.

Na kama vile hiyo haitoshi, pikapu ya kaka mtu ikaingia.

“Nimesikia!” akasema, anashuka, anacheka kwa furaha ya kweli. “Nimesikia njiani. Si nilikwambia? Mkono haujasahau. Kesho asubuhi nikukute karakana, tumalizane na mambo ya meza.”

Ilikuwa ndiyo nafasi yake ya kuinama. Mke amekata simu. Mbao za viti zimekwisha. Mwezi nao umekatika. Kama ningekuwa mimi, ningepanda ile pikapu palepale, na ninyi msingenilaumu.

Kipimo akaenda kwenye boksi la vifaa, akatoa nyundo. Nyundo ya baba yao, mpini umelika mpaka una umbo la kiganja. Akaifuta kwa shati lake, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

“Hii ni ya karakana,” akasema. “Mimi sirudi.”

“Umerukwa na akili. Hakuna aliyenunua hata kijiti!”

“Najua.”

“Utakula nini?”

“Sijui, kaka. Lakini lile la leo nimelipiga kama nilivyotakiwa kulipiga lile jingine. Jingine la namna hiyo sina tena ndani yangu. Nikirudi nitakuwa napiga ya kukisia, naimba.”

Kaka mtu alitaka kupaza sauti. Aliivuta kabisa pumzi ya kupazia. Halafu akaiangalia ile nyundo, akaliangalia baraza, vumbi la mbao na mahali gunia lilipotandikwa, akafumba mdomo. Akarudi kwenye gari. Hakuiwasha mara moja. Alikaa na nyundo mapajani, mtu mzima wa watu, kisha akaondoka taratibu bila hata kupiga honi.

Giza likaanza kuingia. Harusi ilikuwa inapita mbali na ngoma zake. Moshi wa majiko, watoto wanaitwa ndani mmoja mmoja, mteja wangu amekwenda na nusu ya kichwa, atarudi kesho. Kipimo alibaki pale ukutani na meza yake isiyo na viti. Alikuwa amesimama tu, viganja viwili juu ya ubao, kama mtu anayesubiri wenzake waje wakae. Nilitaka kumwita.

“Shemeji!”

Alikuwa Mama Mapacha. Amesimama mlangoni kwake, taa iko mgongoni, mikono kiunoni. Miaka yote alimwita fundi, alimwita Kipimo, alimwita wewe. Kipimo hakugeuka, akidhani anaitwa mwingine.

“Nakuita wewe, shemeji, masikio umeyapiga msasa? Hiyo meza inapita kwenye huu mlango, au nimwite Shangazi aje abomoe ukuta?”

“Nabomoa sasa hivi!” Shangazi akajibu kutoka chumbani kwake, maana na yeye sikio lilikuwepo tu.

Kipimo aliinua macho. Jicho lake likaanzia juu ya mlango, likashuka polepole mpaka kizingitini, likarudi katikati kuchukua upana. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyechuchumaa.

“Ubavu,” akasema. “Ikiinuliwa kwa ubavu inapita.”

“Basi iinue. Ninyi mapacha, mshikieni baba yenu mdogo huo mguu wa nyuma, na ole wake atakayeikwaruza meza yangu.” Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, haraka, kama anayefuta moshi. “Viti hamna, tutakaa kwenye ndoo. Ukishashiba utampigia mkeo, mimi mwenyewe nitaongea naye. Nawa mikono hapo bombani, shemeji, chakula kinapoa. Karibu ndani ule.”